Kuingia Nchi ya XML

Nilikulia kwenye HTML. Kwetu huko, ukisahau kufunga aya, kivinjari kinakufungia. Ukichanganya herufi kubwa na ndogo, hakijali. Ukurasa unatokea, watu wanasoma, maisha yanaendelea. Kwa hiyo nilipopewa kazi ya kupokea oda za wateja wa jumla kwenye seva inayoendeshwa kwa PHP, kila oda ikija kama maandishi marefu ya XML, nilikuwa mgeni kabisa. Swali nililobeba lilikuwa moja: haya maandishi yaliyoingia sasa hivi, ni XML kweli?

Nilianza kwa kusoma sheria za wenyeji. XML 1.0 ilipitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, Februari 10, 1998, ikiwa imechujwa kutoka SGML, kiwango cha ISO cha mwaka 1986. Tagi moja kuu inabeba zote, na nyingine zinakaa kama sufuria za seti pale dukani: kila moja nzima ndani ya mwenzake, hakuna iliyoingia nusu na nusu ikabaki nje. <Jina> haifungwi kwa </jina>, maana herufi kubwa na ndogo ni vitu viwili tofauti. Lakini kuna uhuru ambao sikuutarajia: majina ya tagi unajitungia mwenyewe, hata kwa herufi za Kiarabu ukipenda. Nilifurahi kuandika <mteja>, <bidhaa> na <idadi> na kuona mashine inayapokea bila swali.

Kilichonishtua zaidi ni amri kwa kichanganuzi, yaani programu inayoyasoma maandishi hayo. Kikikuta kosa la muundo, kimekatazwa kuendelea na kazi kama kawaida. Hakibahatishi ulitaka kusema nini. Kwetu HTML huo ungeitwa ukatili. Baada ya kufikiria oda ya magunia na pesa za watu, niliuona ni uungwana: afadhali oda ikataliwe mlangoni kuliko isomwe kwa kukisia.

Basi twende kwenye msimbo wenyewe. PHP inatumia libxml2, maktaba iliyoanzishwa na Daniel Veillard kwa ajili ya mradi wa GNOME. Kwanza unaita libxml_use_internal_errors(true), ili makosa yawekwe kando badala ya kumwagika kwenye jibu la seva. Kisha unampa fanksheni ya simplexml_load_string maandishi yako. Nilimpa <bidhaa>Sabuni & Dawa</bidhaa>. Akakataa: "xmlParseEntityRef: no name". Alama ile ya & kwake ni mwanzo wa kifupisho, na baada yake hakuona jina lolote. Lazima iandikwe &amp;. Vifupisho anavyovijua bila kuelezwa ni vitano tu, na &nbsp; niliyoizoea nyumbani haimo.

Hapa inabidi nikae kidogo, kwa sababu ndipo palipoufurahisha moyo wangu wa fundi. Maandishi yakiharibika, fanksheni hiyo inarudisha false. Yakiwa mazima, inarudisha kitu cha kufanyia kazi. Lakini mpe <oda/>, tagi tupu isiyo na sifa wala chochote ndani, XML halali kabisa, na ukiuliza kwa if ya kawaida PHP itajibu "hapana", kwa kuwa kitu kitupu cha aina hiyo kinahesabiwa kuwa false. Dawa ni kulinganisha kwa alama tatu, === false. Alama moja tu ya usawa ikipungua, oda halali inatupwa.

Nafasi tupu nazo zina sheria zake. Maandishi yakiwa na tamko la <?xml version="1.0"?>, hata mstari mmoja mtupu juu yake ni kosa. Futa tamko hilo, acha ule mstari mtupu, na yanapita! Nilirudia jaribio hilo kwa kustaajabu tu.

Kisha njia ikapita penye hatari. XML inaruhusu DOCTYPE, na ndani yake mtu anaweza kutunga vifupisho vyake, kimoja kikiita kingine mara kumi, hicho nacho kikiita kingine mara kumi, na kuendelea hivyo. Ujumbe usiofika kilobaiti moja unafumuka kuwa maneno bilioni na kumeza karibu gigabaiti tatu za kumbukumbu. Kifupisho kingine kinaweza kuelekeza kwenye faili la seva yenyewe, kama /etc/passwd, yaliyomo yakasomwa na mtu wa nje. OWASP, shirika la usalama wa programu, waliiweka hatari hii nafasi ya 4 katika orodha yao ya hatari za wavuti ya mwaka 2017. Tangu toleo la 2.9.0, libxml2 haivuti mafaili ya nje isipoambiwa. Kuiambia ni rahisi mno, na hilo linanikera: chaguo la LIBXML_NOENT linasikika kama katazo, kumbe ndilo linaloamuru vifupisho vifumuliwe. Oda zetu hazina haja ya DOCTYPE, kwa hiyo inayokuja nayo inakataliwa.

Hapo nilikuwa nimejibiwa kuhusu muundo tu. Oda isiyotaja idadi ilipita salama salimini. Ndipo nikakutana na skima, XSD, iliyopitishwa na W3C mwaka 2001: waraka unaosema ndani ya oda kuwe na nini, kwa mpangilio gani, na cha aina gani. Nikaita schemaValidate ya DOMDocument, nikaweka makusudi <idadi>kumi</idadi>. Jibu likaja kwamba 'kumi' si thamani halali ya xs:positiveInteger, pamoja na namba ya mstari. Nilitabasamu. Mtumaji sasa anapelekewa ujumbe huo huo na namba hiyo hiyo, naye anajua pa kurekebisha.

Mbele yangu kuna katalogi za bidhaa, faili moja likiwa na mamia ya megabaiti. Hilo halibebeki lote kwenye kumbukumbu kwa mpigo. Nimeanza kusoma XMLReader, inayopita tagi baada ya tagi na kuachia ilizokwisha kuzisoma.