Tulikwenda Karen kutafuta mbwa mkali, tukarudi na mpole

KIZURI chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii niliikariri nikiwa shule ya msingi, lakini maana yake sikuijua barabara hadi Jumamosi moja asubuhi nilipojikuta mbele ya vizimba vya mbwa huko Karen, jijini Nairobi, mkono mmoja nimemshika mwanangu wa miaka minne na mwingine nikijaribu kuziba sikio.

Msomaji mpenzi, kama hujawahi kusikia makumi ya mbwa wakibweka kwa pamoja, basi kelele bado hujazijua. Kila mmoja alikuwa akijinadi kwa sauti yake, mithili ya makanga katika kituo cha matatu.

Kisa chetu kilianzia nyumbani. Sisi ni wakazi wa Ongata Rongai, na katika muda wa miezi michache wezi walikuwa wameturukia ua mara mbili. Mara ya kwanza waliondoka na nguo zilizoanikwa kwenye kamba. Mara ya pili walibeba mtungi wa gesi. Tangu siku hiyo mke wangu hakuwa na wimbo mwingine.

"Baba Neema, tutafutie mbwa," alikuwa akiniambia. "Na awe mkali."

Kosa la kando ya barabara

Kwa haraka zangu nilifanya jambo ambalo wakazi wengi wa Nairobi hulifanya. Jioni moja nikitoka kazini nilisimama kando ya barabara, nikamnunua kilebu kutoka kwa vijana wanaowauzia wenye magari wakati wa msongamano. Alikuwa na manyoya mengi kama pamba na utepe wa buluu shingoni. Neema, bintiyangu wa miaka tisa, akamwita Simba.

Siku ya tano Simba alikataa maziwa. Siku ya sita alianza kutapika na kuhara damu. Daktari wa mifugo alipomtazama alituambia ni parvo, maradhi yanayowafagia vilebu wasiochanjwa. Siku ya nane tukamzika chini ya mparachichi.

Neema hakulia mbele yangu. Aliniuliza swali moja tu, iwapo nilijua kuwa Simba ni mgonjwa nilipomnunua. Nilimjibu kwamba sikujua, na huo ulikuwa ukweli. Lakini ukweli mwingine ni kwamba wala sikuuliza.

Daktari yule alitupa onyo ambalo laiti ningelijua mapema. Virusi vya parvo hukaa mchangani kwa miezi mingi, pengine hata mwaka, na mvua haiviondoi. Kumleta kilebu mwingine asiyechanjwa katika ua ule ule ni kumchimbia kaburi la pili. Akatushauri tumtafute mbwa mzima aliyekwisha kuchanjwa, na akatuelekeza katika makao ya Chama cha Kulinda na Kutunza Wanyama nchini, kinachojulikana kwa kifupi kama KSPCA, yaliyoko Langata Road, upande wa Karen.

Safari ya Karen

Tuliondoka Rongai mapema, familia nzima. Magadi Road huambaa na Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, na Neema alikuwa akichungulia dirishani kuhesabu nyani na ngiri. Kaka yake mdogo, Baraka, alikaa kimya mapajani pa mamake. Mbwa wa jirani aliwahi kumwangusha langoni akiwa na miaka mitatu, na tangu hapo alikuwa akisikia tu mbwa akibweka, anaomba kubebwa. Nakiri kwamba hofu hiyo niliichukulia kama jambo la kitoto litakalopita lenyewe.

Pale Galleria tukabadilisha matatu na kuishika Langata Road kuelekea Karen. Kelele za jiji zikapungua, miti ikazidi, na punde tukawa tumefika.

Kwanza tuliona punda. Walikuwa wakila nyasi taratibu, wengine wakiwa na makovu migongoni yanayoeleza bila maneno jinsi walivyovuta mikokoteni. Watoto wa Rongai wanamjua sana punda wa mkokoteni wa maji, lakini Neema alisema hajawahi kumwona punda akipumzika. Mbele kidogo kulikuwa na paka, kisha vizimba vya mbwa.

Maswali kabla ya mbwa

Nilidhani tutaonyeshwa mbwa, tulipe, twende zetu. Kumbe sivyo. Mama mmoja wa makamo, aliyevalia gambuti na koti la kazi, alitukaribisha vizuri kisha akaanza kutuuliza sisi maswali. Je, mchana nyumbani hubaki nani? Ua una matundu? Mbwa atafungwa mnyororo kutwa? Mwenye nyumba amekubali? Watoto wana umri gani, na kuna anayeogopa mbwa? Nani atalipia chanjo ya kila mwaka?

Mke wangu akamkatiza kwa adabu. "Dada, sisi tunataka mlinzi. Tunataka mkali."

Mama yule alitabasamu. Alitueleza kwamba mbwa mkali hana kitabu cha majina; hajui huyu ni mwizi na huyu ni mtoto wa jirani aliyekuja kuuchukua mpira wake. Kazi ya mbwa wa nyumbani ni kubweka ili wenye nyumba waamke na mwizi ajue ameonekana. Mwizi, alisema, huenda akaja usiku mmoja kwa mwaka, lakini mtoto yuko uani kila siku.

Kwa maneno hayo mke wangu alimtazama Baraka, akanyamaza.

Aliyejitembeza na aliyetulia

Katika kizimba cha kwanza alikuwamo dume jeusi, kubwa, lenye masikio yaliyosimama kama ya mbwa wa polisi. Alirukaruka, akapanda wavu kwa miguu ya mbele, akabweka hadi mate yakaruka. Nilimpenda papo hapo. Nikajiona nikilala usingizi mnono kwa ajili yake.

Mhudumu alitueleza kwamba huyo ni mbwa mzuri, ila si wetu. Alilelewa kwenye mnyororo, hajazoea watoto, na hapendi kusogelewa anapokula. Angefaa nyumba ya watu wazima wenye nafasi na subira.

Kizimba cha pili kilikuwa na vilebu. Neema aliwatazama kidogo, akageuka upande wa pili. Hakusema kitu, nami sikumsemesha. Mhudumu alisema kwamba watu wengi wenye watoto wadogo hudhani kilebu ndiye rahisi. Kinyume chake ni kweli. Kilebu hung'ata kila kitu akicheza, meno yake ni kama sindano, na tabia atakayokuwa nayo ukubwani hakuna anayeijua. Mbwa wa miaka miwili au mitatu tabia yake imekwisha kuonekana.

Kizimba cha tatu nilikuwa nimeshakipita. Ndani yake alilala mbwa jike wa kienyeji, rangi ya mchanga, sikio moja limesimama na jingine limekunjika. Ni mbwa wa aina ile tunayoiita koko na kuirushia mawe. Aliinuka bila haraka, akaja kwenye wavu, akamnusa Neema, akageuza ubavu na kukaa chini.

"Baba," Neema akaninong'oneza, "huyu hapigi kelele. Anasikiliza."

Mtihani kwenye nyasi

Alitolewa nje kwenye nyasi, nasi tukaonyeshwa mambo ambayo kila mzazi anafaa kuyatazama kabla ya kumchukua mbwa. Mhudumu aliangusha funguo kwa kishindo. Mbwa alishtuka, akatazama, kisha akazinusa. Anayeshtuka na kutulia anafaa, lakini anayetoroka na kukataa kurudi, au anayeruka kutaka kung'ata, si wa nyumba yenye watoto. Alimshika masikio, makucha na mkia, kwa kuwa watoto watavishika hata wakikatazwa. Alimwekea chakula, akapita karibu kutazama iwapo atakaza mwili na kunguruma.

Kisha zamu ya watoto ikafika. Neema aliambiwa asimkimbilie, asimkumbatie, wala asimkodolee macho. Asimame kando, amwache mbwa aje mwenyewe, amnusishe ngumi, kisha amkune kifuani badala ya kumpiga utosini. Kwa mbwa asiyekujua, mkono unaotoka juu ni mkono wa kupiga.

Baraka alikuwa nyuma ya mguu wa mamake. Nilitaka kumsukuma mbele, nimwonyeshe kwamba hakuna la kuogopa, lakini mhudumu aliniashiria nimwache. Tukakaa kwenye nyasi tukizungumza mambo mengine. Baada ya kama robo saa, yule mbwa akaja, akalala hatua moja kutoka kwa Baraka, akiwa amempa mgongo. Baraka akamtazama kwa muda mrefu. Kisha akanyoosha kidole kimoja, akamgusa.

"Ana joto," akasema.

Mke wangu akageuza uso, akajifanya kutafuta kitu mkobani.

Kumzoeza nyumbani

Hatukuondoka naye siku hiyo. Kwanza nyumba yetu ilikaguliwa, na tundu lililokuwa nyuma ya choo tukaliziba kwa mabati. Alikuwa amechanjwa na kufungwa kizazi, jambo linalompunguzia mwenye mbwa mzigo, maana jike hubeba mimba kwa siku 63 tu na anaweza kukuletea vilebu sita au zaidi kwa mara moja. Matatu haingetubeba na mbwa, hivyo nikamwomba jirani pikapu yake. Neema alikataa katakata jina la Simba. Akamwita Tulia.

Siku mbili za kwanza Tulia hakula. Alijikunyata kibandani akitutazama. Wanaowajua mbwa husema wapewe siku tatu za kupoa hofu, wiki tatu za kuzoea taratibu za nyumba, na miezi mitatu kabla hawajajiona wako kwao. Siku ya tatu alikula ugali wa omena akamaliza. Vitunguu, chokoleti na mifupa ya kuku iliyopikwa tuliambiwa tusimpe kamwe.

Sheria tuliziweka siku ya kwanza, kwani mcheza na mbwa huingia naye msikitini. Haingii vyumbani. Hasumbuliwi anapokula wala anapolala. Na Baraka haachwi peke yake naye, hata kwa dakika moja. Kanuni hii haibagui mbwa mpole wala mkali. Watoto tumewafunza pia kuisoma lugha ya mbwa. Akijiramba midomo bila chakula, akipiga miayo bila usingizi, akigeuza uso huku weupe wa macho ukionekana, anasema, "Niacheni." Akinguruma asipigwe, aachiwe nafasi. Mbwa aliyepigwa kwa kunguruma hujifunza kung'ata bila kuonya.

Tena chanjo si jambo la hiari. Kichaa cha mbwa kiliripotiwa nchini Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa mmoja viungani mwa Nairobi, na hadi leo hakijatokomea. Duniani kote huua watu wanaokadiriwa kufika 59,000 kila mwaka. Karibu wote huambukizwa na mbwa, na wanne kati ya kila 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa hicho ni watoto wasiofika miaka 15. Mtoto akiumwa, au akikwaruzwa tu, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha umkimbize hospitalini siku hiyo hiyo. Dalili zikishaanza, tiba huwa imechelewa.

Usiku wa Tulia

Mwezi wa nne tangu Tulia aje, alibweka saa nane za usiku. Haikuwa ile sauti yake ya kumbwekea paka. Niliwasha taa za nje, nikasikia vishindo vya miguu ikitokomea upande wa pili wa ua. Asubuhi mtungi wa gesi ulikuwa mahali pake. Mke wangu, yule aliyetaka mkali, alitoka na sufuria ya ugali wa moto, akauacha upoe, akamtengea mlinzi wake mwenyewe.

Baraka sasa haombi kubebwa. Bado hawakimbilii mbwa asiowajua, na hilo sitaki lipotee. Jioni huketi kizingitini, Tulia akalala hatua moja mbele yake, kama siku ile ya Karen.

Msomaji, mbwa aweza kuishi miaka 10 hata 13 au zaidi. Baraka wangu huenda akawa kijana wa shule ya upili Tulia akiwa bado nasi. Kwa hivyo ukienda kumchagua wako, usichague kwa manyoya, kwa ukubwa, wala kwa kelele. Wachukue watoto wako, ukae nao kwenye nyasi, na usiwe na haraka. Na ukishamwona umpendaye, uliza maswali yote ambayo mimi sikuyauliza kando ya barabara.