Mama na Hesabu ya Ukili

Utotoni mwangu hakuna la kumweka msomaji: Pemba, chuoni, skuli, karafuu msimu ukifika, na siku zote ukili mapajani. Nimeishi kwa kazi hiyo ya kusuka mikeka mpaka macho yakashindwa kufuata chane. Sasa mama ametangulia mbele ya haki, na yanayosemwa juu yake ndiyo yaliyonishikisha kalamu. Wanasema alikuwa fundi hodari, mkarimu, bibi wa wajukuu wa mtaa mzima. Hayo hayana ubishi. Kisha wanaongeza kwamba ukarimu huo ndio ulioua biashara: alimfunza kila aliyekuja, hakuficha rangi wala nakshi, mikeka akaigawa kwenye harusi na matanga, basi wasukaji wakazidi na bei ikaanguka. Wengi wa wasemao hivyo ni wachuuzi, na mchuuzi anapolalamikia bei ndogo, mtu ana haki ya kuuliza ni nani aliyeipanga.

Tuitazame kazi yenyewe. Majani machanga ya mkindu hukatwa kabla hayajafunguka, huanikwa juani yakapauka, huchanwa, na yale ya nakshi huchemshwa katika rangi. Chane hizo husukwa ukili, utepe mwembamba na mrefu, na ni ukili huo unaoshonwa ukingo kwa ukingo hadi ukawa mkeka. Kusuka hakutaki mahali maalumu, hufanywa barazani huku watu wanazungumza. Kushona ndiko kunakotaka fundi. Lakini mkeka mpana hula pima nyingi za ukili, na mkono mmoja hauwezi kuusuka wote na kuushona kwa muda ambao wenye harusi wako tayari kungoja. Mshonaji aliyewanyima wengine ujuzi angebaki hana cha kushona. Hapo ndipo wanapomkosea mama. Kufunza kwake hakukuwa sadaka pembeni ya kazi, kulikuwa kazi yenyewe: alihitaji ukili wa upana mmoja na chane za unene mmoja kutoka kwa majirani, wakwe na wajukuu, na hilo halipatikani ila wote wawe wamefunzwa kipimo kimoja, na aliyekosea arudishiwe ukili wake aufumue bila kutukanwa.

Wako wanaokubali hayo yote, ila wanasema nakshi angaliificha, kwa kuwa nakshi ndiyo jina la fundi. Hoja hii ina uzito, lakini inasahau kwamba mkeka hutandikwa. Aliyeukalia anaweza kuzihesabu chane za rangi na kwenda kuiga kwao. Kisichoibika kwa macho ni kukaza: ukili uliolegea hujikunja baada ya kushonwa, na nakshi za safu mbili hazikutani, hata rangi ziwe nzuri namna gani. Hicho nacho mama alikifunza bure, waliokishika wakawa wachache kwa sababu kinachosha. Vijana wa leo wanaopiga picha nakshi kwa simu na kuuliza rangi hununuliwa wapi, nawaambia wazi: mnaomba kilicho rahisi. Shikeni ukili mweupe kwanza, usio na rangi ya kuficha kosa.

Bei iliangushwa na mikeka ya plastiki ya viwandani, inayooshwa kwa maji ikakauka upesi na kuuzwa kwa bei ndogo ambayo msukaji hawezi kushuka kuifikia. Ukarimu wa mwanamke mmoja haukuileta mikeka hiyo. Ni kweli kwamba nyumba yake haikutajirika, na anayesema kwamba wanawe tulistahili zaidi hasemi uongo. Ila hata kama angeuza kila mkeka alioutoa, angeuuza kwa bei ileile ya mchuuzi. Hata kwa jina hakufaidika: mshairi Mwana Kupona wa Pate alimwachia binti yake utendi mwaka 1858, na jina lake tunalo mpaka leo kwa kuwa maneno yaliandikwa; ukindu huchakaa, na jina la msukaji halikuwahi kushonwa pindoni. Basi anayetafuta aliyeidhulumu kazi hii atazame mgawanyo wa fedha ya mkeka mmoja, kuanzia anayekata ukindu hadi anayeuza dukani mjini. Ataona kwamba aliyekaa na kazi muda mrefu kuliko wote, msukaji wa ukili, ndiye anayeondoka na kidogo kuliko wote, na bei anayolipwa kwa pima ya ukili haikupangwa na mama.