Mkate, maziwa na mtoto asiyetulia



Tangu Pasaka, wamama wa kikundi chetu hapa Bukavu wanatuuliza swali moja: ni kweli mliondoa mkate na maziwa ili mtoto wenu atulie masomoni? Ndiyo, ni kweli. Tunaandika hapa namna tulivyofanya na yale tuliyoyaona, kwa sababu habari hii inatembea mtaani na kila mmoja anaongeza lake.

Mtoto wetu wa pili ana miaka minane. Akili anayo: ukimtuma sokoni, analeta chenji kamili. Lakini akikalishwa mbele ya daftari, baada ya dakika tano mguu unacheza, macho yanakwenda dirishani, na ukurasa unabaki mweupe. Mwezi wa pili mwalimu wake alituandikia kwamba hali ikiendelea hivyo, atarudia mwaka wa tatu. Majirani walisema ni utundu, fimbo inatosha. Shangazi yake alitaka tumpeleke kwenye chumba cha maombi akafunguliwe, eti kuna kitu kimemwingia.

Sisi, baba ya watoto na mimi, tulikataa yote mawili. Kazi ya ualimu imetufundisha kwamba kuna watoto ambao kushika jambo moja kwa muda mrefu ni kazi nzito kwao, hata wakitaka. Tena sheria ya ulinzi wa mtoto ya mwaka 2009 katika nchi yetu inamwadhibu mtu anayemsingizia mtoto uchawi. Lakini kukataa peke yake hakumsaidii mtoto kuandika imla. Ilibidi tutafute.

Mdogo wa baba ya watoto, anayeishi Ubelgiji, ndiye aliyetuambia habari ya chakula. Huko kuna wazazi wanaoondoa gluteni, yaani protini ya ngano na shayiri, pamoja na kazeini, protini ya maziwa. Tulisoma kabla ya kugusa sahani ya mtoto. Mtu mwenye ugonjwa wa siliaki anaharibiwa utumbo na ngano, na anapaswa kuiacha maisha yake yote. Lakini kwa mtoto asiye na ugonjwa huo, watafiti hawajathibitisha kwamba kuacha mkate na maziwa kunamponya kutotulia. Juu ya rangi za kiwandani, zile za bonboni na vinywaji vyekundu, kuna ushahidi zaidi: mwaka 2007 watafiti wa Southampton, Uingereza, waliona kwamba baadhi ya watoto walizidi kuhangaika walipokunywa kinywaji chenye rangi hizo na dawa ya kuhifadhi. Tangu 2010, Umoja wa Ulaya unadai onyo liandikwe kwenye vyakula vyenye rangi sita za namna hiyo.

Basi tulikubaliana kujaribu, kwa muda uliopimwa, tukiandika kila kitu katika daftari. Lakini kwanza daktari. Alimpima malaria, minyoo, damu, macho na masikio, kwa maana mtoto asiyesikia vizuri au mwenye upungufu wa damu naye huonekana hafuati. Minyoo ilikuwepo, akaitibu. Alituachia maneno mawili. La kwanza: mtoto anayehara mara kwa mara au asiyekua aonwe kabla ya kuachishwa ngano, kwa sababu kipimo cha siliaki kinafaa mtu akiwa bado anaila. La pili: usiondoe maziwa kama hujaweka kitu mahali pake.

Upande wa jiko, Mungu alishatutangulia. Ulaya wazazi wananunua mkate wa pekee kwa bei kali. Sisi muhogo, mahindi, mtama, mchele, viazi na ndizi havina gluteni hata kidogo. Asubuhi tuliweka uji wa masoso, ule wa mahindi, soja na mtama, au viazi vitamu na karanga. Mchana bugali, maharagi na lengalenga. Jioni sombe na sambaza, na sambaza tunazila nzima pamoja na mifupa, kwa sababu mifupa ndiyo inayoleta kalisiamu iliyokuwa ikitoka kwenye maziwa. Pesa ya mkate wa kila asubuhi ikawa pesa ya sambaza. Neno moja tu kwa wanaoongeza muhogo: ule mchungu uloweshwe siku za kutosha na ukaushwe vema. Kule Kwango, muhogo ulioharakishwa umelemaza miguu ya watoto na wamama kwa ugonjwa wa konzo.

Nyumba nzima ilikula chakula kimoja. Hatukutaka mtoto ambaye tayari anaitwa majina apewe na sahani ya kumtenga. Kazi ngumu haikuwa jikoni, ilikuwa kwa watu. Mama anayeuza mandazi mlangoni pa masomo alikubali kumwekea karanga. Nyanya yake wa Walungu ndiye aliyeumia. Kwa Bashi maziwa ni heshima, na mashanza aliyoyatengeneza kwa mikono yake yalibaki kwenye chombo.

Kila jioni tuliandika mambo matatu: amelala namna gani, tumbo lilikuwaje, na amefanya kazi dakika ngapi bila kuinuka. Juma tatu tuliondoa vyote viwili, na bonboni za rangi pia. Kisha tukarudisha kimoja kimoja. Mkate ulirudi kwa juma mbili: hakuna kilichobadilika. Maziwa yaliporudi, siku ya pili tumbo lilinguruma, usiku akaamka mara tatu, na masomoni akawa hakaliki. Daktari alitueleza kwamba watoto wengi wa kwetu, wakishakua kidogo, tumbo lao linapunguza nguvu ya kusaga sukari ya maziwa, na kwamba yaliyochachuka yanawasumbua kidogo zaidi. Kwa hiyo mkate umerudi mezani, maziwa mabichi na ya unga hapana, na kipande kidogo cha mashanza ya nyanya kinapita bila shida.

Je, ametulia? Mguu bado unacheza. Lakini anafanya kazi dakika kumi na tano pale alipofanya tano. Hatuwezi kusema ni chakula peke yake. Sasa analala saa mbili usiku, tumbo halimwamshi, mwalimu amemweka benchi la mbele, na kazi tunamkatia vipande vipande. Kama atapanda mwaka wa nne, tutajua mwezi wa saba.

Mama mwenzetu mwenye mtoto kama huyu, tunakuomba: usimpige, usimpeleke afunguliwe, na usimnyime chakula kwa kusikia tu. Anza kwa daktari. Ondoa kitu kwa juma chache, weka kingine mahali pake, kisha kirudishe na uangalie. Kama hakuna kilichobadilika, mpe mtoto mkate wake. Na mwambie mwalimu unachofanya. Yeye anamwona saa nyingi za mchana.

Kwenye mkutano wa alhamisi tutaleta daftari letu. Njoo na lako tupu na kalamu, tuchore mistari pamoja.