Kwa Dharura, Pigia Nani?

Mtambo wa kuhifadhi data, ule unaofungwa kwenye kabati la seva na kuhudumia ofisi nzima kupitia mtandao, huja ukiwa na jina la kiwandani. Jina lenyewe ni lile lile walilopewa ndugu zake wote wa toleo hilo. Ukiuwasha mara ya kwanza unakuletea fomu fupi: jina la mfumo, mahali ulipo, mtu wa kuwasiliana naye, saa. Nafasi nne tu. Mafundi wengi hubonyeza "endelea" mpaka fomu iishe, kwa sababu hata ukiziacha tupu diski zitazunguka na mafaili yatafunguka. Hakuna kitu kitakugombeza. Unaweza kuishi na mtambo usio na jina miaka mitano, na siku zote hizo ukaonekana mzima.

Kazi yangu ni hiyo, kuangalia mitambo ya watu. Nyumbani nikiulizwa nafanya nini nasema "mambo ya kompyuta," halafu mtu ananiletea simu yake iliyoganda na mazungumzo yanaishia hapo. Lakini kuna shangazi yangu mmoja, mweka hazina wa chama, ambaye alitaka kuelewa kabisa. Nilimweleza hivi.

Mwaka wa 1988 watu watatu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, walichapisha makala wakisema badala ya kununua diski moja kubwa ya bei ghali, chukua nyingi za bei nafuu uzifanye kama moja. Wakaiita RAID. Shida ya vitu vya bei nafuu unaijua: vikiwa vingi, kila mara kuna kimoja kinaharibika. Ndiyo maana diski hazihifadhi data peke yake, zinahifadhi pia hesabu ya kukagulia. Shangazi, chukua chama cha watu kumi na mmoja. Kila mtu ametoa mchango, na wewe umeandika jumla. Daftari likiraruka pale penye jina la mmoja, unatoa wale kumi kwenye jumla na unajua huyo alitoa ngapi. Wakiraruka wawili, jumla itakuambia walitoa ngapi kwa pamoja, lakini nani alitoa nini, hapo ni kushikana mashati. RAID 5 inavumilia kupoteza diski moja. RAID 6 ina hesabu mbili tofauti, kwa hivyo inavumilia mbili. Anayepiga hesabu zote hizo anaitwa kontrola, na mitambo ya maana huwa nazo mbili, A na B, ili mmoja akizimia mwingine ashike daftari.

Shangazi akauliza swali ambalo hakuna mteja amewahi kuniuliza: "Na diski ikifa, nani anaambiwa?"

Hapo sasa ndipo zile nafasi nne zinapoingia. Tangu 1991 kuna kanuni ya vifaa vya mtandao, RFC 1213, inayotaka kila kifaa kiweze kujibu maswali kadhaa kuhusu nafsi yake, na matatu kati yake ni haya: unaitwa nani, uko wapi, na nani anakusimamia. Mwaka mmoja kabla yake, Don Libes aliandika RFC 1178, ushauri mzima kuhusu kuchagua jina la kompyuta. Alisema usiipe mashine jina lako mwenyewe, na usiipe jina la mradi wa muda. Sababu yake ni rahisi: miradi huisha, watu huhama, jina hubaki likidanganya.

Kwetu hili hatuhitaji kufundishwa. Otieno alizaliwa usiku, Akinyi alizaliwa asubuhi. Jina limebeba saa. Kwa Wakikuyu kifungua mimba wa kiume huitwa jina la baba ya baba yake, kwa hivyo mwili unaenda na jina linabaki nyumbani. Ajabu ni kwamba mitambo pia iko hivyo. Kila mmoja una nambari ndefu ya utambulisho, WWN, na seva zinaujua kwa hiyo. Katika mifumo mingi ukitoa kontrola iliyokufa na kuweka mpya, ile mpya inarithi nambari ya mtambo, na seva haijui kama kuna mtu amezikwa. Mashine zimejipangia urithi vizuri sana. Sisi tunaozijazia fomu ndio hatujajipanga.

Kuna kampuni niliwahi kufanyia kazi, sitaitaja, iliyokuwa ikitunza mitambo ya sacco moja hapa Nairobi. Mitambo miwili, diski kumi na mbili kila mmoja, RAID 5. Yote miwili ilikuwa bado na jina la kiwandani. Mahali: tupu. Mtu wa kuwasiliana naye: mzee wetu mmoja, fundi aliyeifunga kabla mimi sijaajiriwa. Barua pepe za tahadhari zilienda kwake, na nambari yake ya simu ilikuwa kwenye lebo mlangoni pa kabati. Alikuwa mtu wa kujibu simu. Ukimpigia saa kumi alfajiri anasema "naam" kama mtu aliyekuwa akikungoja.

Alifariki mwezi wa nne. Tulichanga, tukasafiri na mat mbili, tukamzika, tukarudi kazini. Hakuna aliyefunga akaunti yake ya barua pepe.

Wiki kadhaa baadaye, saa nane usiku, simu yangu ikalia. Alikuwa binti yake. Nambari yangu alikuwa nayo kutoka lile grupu la WhatsApp la kamati ya mazishi.

"Samahani kukuamsha," akasema. "Kuna mtu amepiga simu ya baba. Anasema mashine ya baba inalia."

Familia ilikuwa imeiacha laini yake hewani, kwa sababu kuna watu walikuwa bado wanamrudishia madeni kwa M-Pesa. Aliyepiga alikuwa askari wa usiku wa lile jengo. Alikuwa mgeni pale, hakumjua marehemu. Alisikia mlio ndani ya chumba cha seva, akamulika tochi, akaona lebo imeandikwa kwa dharura piga nambari hii, akapiga. Usiku ule yeye peke yake ndiye aliyefuata maagizo jinsi yalivyoandikwa. Na nyumba yenye matanga ikaamshwa usiku wa manane kuulizwa fundi yuko wapi.

Nilimpigia mwenzangu wa zamu. Akasema hata yeye ameingia kwenye mtambo, kila kitu kijani, askari amesikia feni. Nikampigia askari.

"Mkubwa, si feni," akasema. "Feni naijua. Hii inalia tangu jana. Nilimwambia yule wa mchana akacheka."

"Unaona taa yoyote?"

"Moja ya rangi ya chungwa. Kabati la ndani, mashine ya chini, ya saba kutoka kushoto."

Mwenzangu alikuwa ameingia kwenye mtambo wa juu. Ulikuwa mzima kweli, kila kitu kijani kweli. Jina lililoandikwa kwenye skrini yake lilikuwa lile lile la jirani yake mgonjwa. Diski ya saba ya mtambo wa chini ilikuwa imekufa, na daftari la chama lilikuwa limebakiza uvumilivu sifuri. Diski nyingine moja ingekufa na akaunti za wanachama, mikopo ya karo, dhamana walizowekeana, zote zingekuwa jumla isiyo na majina. Nakala rudufu ilikuwepo, ya Jumapili. Hii ilikuwa Ijumaa.

Tulibadilisha diski kabla ya jua kuchomoza. Kujenga upya kulichukua mpaka usiku uliofuata, na ule muda ndio wa hatari zaidi, maana diski zote zilizobaki zinasomwa mwanzo hadi mwisho bila kupumzika, na ni za umri mmoja na ile iliyokufa. Nilikaa pale na askari akaniletea chai. Kumbukumbu za kontrola zilionyesha tahadhari ya kwanza kuhusu diski hiyo ilitumwa wiki tatu nyuma. Ikafuata nyingine, na nyingine. Zote zilipokelewa. Kwa upande wa mtambo, kila mtu alikuwa ameambiwa.

Hesabu ikafika asilimia mia. Nilianza kujaza nafasi. Jina: nikaacha utani wa sayari na timu za mpira, nikaupa wa chini jina la sacco, kazi yake na nambari mbili, wa juu, nambari moja. Halafu nikachapa majina hayo hayo kwenye lebo, mbele na nyuma, kwa sababu mtu anayeshika waya yuko nyuma. Mahali: ghorofa, chumba, kabati la ndani, nafasi ya chini. Saa: mtambo ulikuwa umeachwa kwenye saa ya dunia, UTC, unasema 23:00 wakati askari anasema saa nane usiku, na ukitaka kulinganisha maneno ya mashine na ya binadamu unajikuta siku mbili tofauti. Nikaiweka saa ya Nairobi na kuifungia kwenye seva ya saa.

Ile ya mtu wa kuwasiliana naye ilinichukua muda. Kufuta jina la mzee kulikuwa kubonyeza mara moja, na bado nilikaa na kidole hewani. Jina langu sikuliweka. Mimi pia ni mradi wa muda. Niliweka anwani ya pamoja ya timu, ambayo watu watatu huisoma na ambayo mtu akiondoka anatolewa bila anwani kufa. Kwenye simu nikaweka nambari ya zamu. Halafu nikaongeza nambari ya meza ya askari, getini.

Meneja aliiona wiki iliyofuata akauliza, "Askari anajua nini kuhusu RAID?"

Nikamwambia anajua kwamba feni hailii hivyo. Siku hizi kila mwanzo wa mwezi napitia mitambo yote ninayotunza, nasoma ile nafasi, halafu napiga nambari iliyoandikwa pale. Nangoja tu nisikie mtu akisema naam.