Pikipiki Inunuliwe Mwisho

Kihonda, Morogoro

Mwanangu Rehema,

Baba yako ameeleza kwamba kazi ya Mikocheni, Dar es Salaam, imeanza vizuri, kwamba daladala za Goba alfajiri zinajaa tangu kituo cha kwanza, na kwamba binti yake sasa anatafuta pikipiki. Baba ana hofu. Shangazi yako hana. Alikuwa bibi shamba, na kwa miaka mingi alizunguka vijiji vya Mvomero na Kilosa juu ya Honda XL ya serikali, masika na kiangazi. Anachopinga ni mpangilio tu. Vijana wengi huanza na pikipiki, wakanunua kofia ngumu kama kuna chenji iliyobaki, na mafunzo wakayaacha kabisa. Barua hii inaomba mpangilio huo ugeuzwe.

Mafunzo yatangulie. Mwaka 1981 ulitoka utafiti ulioongozwa na Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani. Wachunguzi wake walifika wenyewe kwenye ajali zipatazo 900 za pikipiki katika eneo la Los Angeles. Asilimia 92 ya waendeshaji waliopata ajali hawakuwahi kupita kwenye mafunzo rasmi. Walijifunza peke yao, au kwa ndugu na marafiki. Zaidi ya nusu walikuwa hawajafikisha miezi mitano wakiendesha pikipiki ile waliyoanguka nayo. Miaka mingi imepita na Los Angeles iko mbali na Goba, lakini miezi ya mwanzo haina tofauti kubwa: mkono haujazoea klachi inashikia wapi, na macho yanahangaika na gia wakati yanatakiwa barabarani.

Chukua breki ya mbele. Aliyefundishwa uani na binamu yake huambiwa asiiguse, itamrusha. Mwalimu anayeijua kazi hufundisha kinyume chake, kwa sababu pikipiki inapofunga breki uzito mwingi hukimbilia mbele, na tairi la mbele ndilo lenye nguvu kubwa ya kuisimamisha. Breki hiyo inabanwa taratibu, kisha kwa nguvu zaidi, breki ya nyuma ikisaidia. Kwenye mchanga au tope mkono unalegea. Mwendeshaji wa kilomita 50 kwa saa anapita karibu mita 14 kila sekunde, kabla hata mkono haujafika kwenye breki. Akienda mwendo mara mbili ya huo, umbali wa kusimama baada ya breki kushika hauongezeki mara mbili; unakuwa mara nne.

Njia ya kisheria inaeleweka: leseni ya kujifunzia, mafunzo VETA au shule ya udereva iliyosajiliwa, mtihani wa polisi wa usalama barabarani, kisha leseni yenye daraja la pikipiki. Yupo atakayejitolea kuifupisha njia hiyo kwa bahasha. Leseni ya namna hiyo haimfundishi mtu kufunga breki.

Kofia ngumu ni ya pili. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyotolewa na mtandao wa watafiti wa Cochrane mwaka 2008 yalionyesha kwamba kofia hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Kinachofanya kazi hiyo ni povu gumu lililo ndani. Linapondeka ili fuvu lisipondeke. Ndiyo maana kofia iliyokwisha kupata ajali haifai tena, hata kama rangi yake inang'aa. Nyepesi za plastiki tupu, zile wanazovalishwa abiria wa bodaboda mmoja baada ya mwingine, humridhisha trafiki na hazimsaidii mvaaji. Itafutwe yenye alama ya TBS au ya viwango vya ECE 22, ijaribiwe dukani ikiwa imefungwa mkanda, na kichwa kitikiswe: isicheze. Binti anayesuka au anayejifunga ushungi aijaribu akiwa vile vile atakavyokuwa siku ya kazi, maana rasta nene au mtandio wa mikunjo hubadilisha kipimo. Dera na baibui visikaribie cheni. Suruali ivaliwe safarini, nguo ya ofisini ikae begini.

Sasa pikipiki yenyewe.

Safari ya Goba hadi Mikocheni haifiki kilomita 20, lakini ina vilima, foleni na vipande vya vumbi. Cc 125 zinatosha. Cc 100 hunusa mafuta tu, ila ikibeba watu wawili kwenye mlima wa Goba italalamika. Cc 150 zina nguvu ya akiba, na uzito wake unahisiwa kwenye foleni. Kipimo cha kwanza ni miguu: mwendeshaji mgeni akikaa, nyayo zote mbili zifike chini, na aweze kuisukuma kinyumenyume bila kuomba msaada.

Jina la kampuni lifuatwe kwa sababu ya spea na fundi. Mwaka 2010 serikali ilitoa kanuni zilizoruhusu pikipiki na bajaji kubeba abiria kwa leseni, na tangu hapo Boxer za Bajaj na TVS HLX kutoka India zimejaa hadi vijijini. Kwa hiyo plagi yake, kebo ya klachi na viatu vya breki vinapatikana kwenye kibanda chochote. Za Kichina zina hadithi yake. Mwaka 1976 Honda ilileta CG125, yenye injini iliyobuniwa makusudi kuvumilia matunzo hafifu, na viwanda vingi vya China vimeiiga hadi leo. Fundi yeyote anaifungua akiwa amefumba macho. Kinachotofautiana ni ubora wa chuma. Na kuhusu breki, aulizwe muuzaji. India, kuanzia Aprili 2019, ililazimisha pikipiki mpya zinazozidi cc 125 ziwe na ABS, yaani breki zisizoacha tairi likwame, na ndogo zaidi ziwe na breki za mbele na nyuma zinazoshirikiana. Nyingi zinazouzwa kwetu kutoka huko huko hazina hata kimoja.

Za umeme zinakuja. Kigali imeacha kusajili pikipiki mpya za abiria zinazotumia petroli tangu Januari 2025. Kwa Goba, asiye na uhakika wa mahali pa kuchaji au kubadilisha betri asubiri kwanza.

Iliyotumika ni nafuu, na hapo ndipo wengi wanapigwa. Iliyokuwa bodaboda hutembea kutwa nzima, kila siku. Saa ya kilomita hukatwa waya mapema, kwa hiyo namba yake haina maana. Muuzaji aambiwe asiiwashe kabla mnunuzi hajafika. Injini ikiwa ya baridi ndipo husema kweli: moshi wa bluu ni oili inayoungua, na kelele za cheni ya ndani husikika. Zitazamwe shokapu kama zinavuja, meno ya sproketi kama yamechongoka, na usukani kama unakwama katikati.

Kisha karatasi. Namba ya chesisi na ya injini zilingane na kadi, na jina kwenye kadi liwe la anayeuza. Pikipiki za mkataba, ambazo tajiri hajamalizwa kulipwa, huuzwa na wasio wenyewe. Umiliki uhamishwe TRA kabla fedha yote haijatoka. Bima ndogo ni lazima kisheria, na stika yake ihakikiwe kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima. Lakini bima hiyo humlipa yule aliyegongwa. Mguu wa mwendeshaji hauhusiki. Bima ya afya iwe hai.

Matunzo ni machache: oili ya pikipiki yenye alama ya JASO MA, maana baadhi ya oili za magari hufanya klachi iteleze; upepo wa tairi kila wiki; taa ya mbele iwashwe hata mchana. Hurt aligundua kwamba katika ajali za pikipiki na gari, theluthi mbili hivi zilitokana na dereva wa gari kuingilia njia, na wengi wa madereva hao walisema hawakuiona pikipiki.

Basi, mwanangu, fedha uliyonayo igawe leo: ada ya mafunzo, kofia, bima, na kinachobaki ndicho kiamue aina ya pikipiki. Ukiipata, usilipe kitu bado. Nitumie picha ya kadi na ya namba ya chesisi, nami nitamwomba fundi wangu wa zamani, aliye Mwenge sasa, aje muikague pamoja.

Shangazi yako