Hukumu ya Haraka Kule Birongo



Baada ya kumhimidi Mola na kumsalia Mtume wake, wiki hii tunapenda kuwachukua wasomaji wetu, hasa mama na dada zetu, mbali kidogo na upepo wa bahari. Tulisafiri hadi Birongo, katika kaunti ya Kisii, kumjulia hali binti wa ndugu yetu aliyeolewa huko. Aliyezoea minazi na mchanga hustaajabu afikapo: udongo ni mwekundu, vilima vimevikwa migomba na majani chai, na kila shubiri ya ardhi ina mwenyewe na hudaiwa faida.

Tulikuta nyumba ina mvutano. Ndama wa mavyaa wake hufungwa hatua chache kutoka jikoni. Kando ya bustani ya mboga binti yetu alikuwa ameuacha ukue mmea ulioota wenyewe, wenye majani membamba, maua madogo yaliyoinama na matunda kama vibofu vya kijani vyenye miiba laini. Ukivunja jani, hutoka utomvu mweupe kama maziwa. Wataalamu huuita Gomphocarpus, na asili yake ni Afrika hii hii. Mavyaa alitaka ung'olewe, kwa kuwa ni sumu kwa mifugo. Binti alisema kwa adabu kwamba mmea huo una wageni wake. Kesi ikaletwa kwetu kabla ya chai kumiminwa.

Nasi tulikosea. Bila ya kuuliza zaidi tulisema: "Ng'oeni, kwani kuondoa madhara ni katika dini." Binti hakubishana. Alituomba tumfuate bustanini, akageuza jani. Chini yake palikuwa na yai moja dogo, jeupe, na jani la pili lilikuwa na kiwavi mwenye mistari myeusi, myeupe na ya manjano.

"Ami," alisema, "huyu nikimpa sukuma au mchicha hali. Atakufa na njaa pembeni ya chakula chetu."

Alisema kweli. Huyo ni mtoto wa kipepeo wa rangi ya machungwa mwenye ncha nyeusi za mbawa, ambaye wataalamu humwita Danaus chrysippus. Kiwavi wake hula mimea ya jamii hii ya utomvu tu. Sumu ile ile inayomdhuru ndama yeye huihifadhi mwilini, na ndege akimwonja humtema. Baadaye hujifunga katika kifuko kinachoning'inia, kisha hutoka na mbawa. Sisi wa Pwani hatupaswi kulishangaa jambo hili, kwani tangu mwaka 1993 mradi wa Kipepeo pale Gede umewawezesha majirani wa msitu wa Arabuko-Sokoke kufuga vipepeo na kupata riziki. Nao wanajua vyema kwamba kila kipepeo ana mti wake.

Basi tuliyarudi maneno yetu mbele ya wote. Mavyaa alikuwa na haki kuhusu ndama, na binti alikuwa na haki kuhusu kiwavi. Aliyepungukiwa ni hakimu. Tulikubaliana mmea wa zamani uachwe mpaka viwavi waliopo wamalize kula, kisha uondolewe. Mbegu zipandwe upya nyuma ya nyumba, ndani ya uzio, mbali na nyasi za nepia zinazokatwa kwa ajili ya ng'ombe. Mmea huu hata ukikauka sumu yake haiishi, kwa hivyo matawi yaliyokatwa yafukiwe.

Atakayependa kuupanda afanye hivi. Achukue mbegu tunda linapopasuka lenyewe. Zina nyuzi nyororo kama sufi, zipeperukazo kwa upepo. Azifunike kwa udongo kidogo tu, mahali penye jua, na amwagilie kwa kiasi mpaka miche ishike. Mche uliokua haupendi kuhamishwa, hivyo ni bora kuotesha pale pale utakapokaa. Vidukari wa manjano watakuja. Waoshwe kwa maji au waondolewe kwa vidole, huku mayai yakiangaliwa yasiondoke nao. Dawa ya kunyunyiza isitumiwe, maana itawaua viwavi pia. Majani yakiliwa hadi shina lisisikitikiwe, kwa kawaida huchipua tena. Mwisho, mikono ioshwe vizuri, kwani utomvu ukiingia jichoni huumiza, na watoto wafundishwe kwamba mmea huu hutazamwa, hauliwi.

Tumetoka Birongo na funzo letu wenyewe: anayeombwa hukumu juu ya kiumbe aende kwanza akamwangalie. Asubuhi ya kuondoka kwetu uzio ulikuwa unajengwa, na aliyekuwa akikaza kamba zake ni mavyaa.

Wabillahi tawfiq.