Bundi wa nyuma ya hema la nkambo

Leo tunaandika juu ya bundi.

Kwetu, upande wa Pweto na Moba, bundi akilia juu ya paa watu hawalali vizuri. Wanasema kuna mtu atakufa, ama kuna mtu amemtuma. Imani hiyo tulivuka nayo mpaka, na huku Nchelenge tukakuta wenyeji wengi nao wanamwogopa vilevile.

Kenani, ambako wengi wetu tulipita kuanzia 2017 kabla ya kupelekwa Mantapala, mahema yalikuwa karibu-karibu. Jambo likitokea kwa mmoja, asubuhi wote wanajua. Basi siku bundi alipoonekana chini, nyuma ya hema la nkambo mmoja anayelea wajukuu peke yake, watoto walikuja na majiwe. Watu wazima walisimama nyuma yao. “Muiue! Ile ni kuku ya balozi!” Na macho yao hayakuwa kwa ndege. Yalikuwa kwenye mlango wa nkambo.

Hapo tuliingia katikati. Tulikuwa vijana watano. Mmoja alimtupia bundi kitenge kichwani, maana akiwa gizani anatulia, na makucha yake ni makali. Tukaona shida yenyewe: uzi wa wavu wa zamani, ule watu wanazungushia bustani, ulikuwa umejisokota kwenye bawa. Tuliukata polepole kwa wembe. Damu kidogo, mfupa haukuvunjika. Tukamweka ndani ya katoni ya sabuni yenye matundu, mahali pasipo kelele, halafu tukanawa mikono na sabuni.

Wengine walileta bukari, wengine maziwa. Tulikataa. Ndege wa porini hapewi hivyo, wala hamwagiwi maji mdomoni, yanaweza kuingia kwenye mapafu. Bundi huyu mwenye uso mweupe kama moyo anakula panya. Tukawaambia wale watoto wa majiwe: leteni panya. Kufika jioni walileta watatu! Bundi alimeza mmoja mzima-mzima. Kesho yake alitapika donge la manyoya na mifupa. Tulilipasua mbele ya watu: fuvu la panya, meno ya panya, basi. Tukawaonyesha na manyoya ya bawa, laini sana pembeni, ndiyo sababu anaruka bila sauti. Mzee mmoja alicheka, akasema, “Kumbe ni huyu analinda mahindi yetu.”

Siku ya tatu, jua lilipozama, tulifungua katoni. Alikaa kidogo, akageuza kichwa, akaruka kuelekea miti.

Hatudanganyi kwamba woga uliisha siku ile. Kuna mama waliendelea kukataza watoto wao kunywa maji kwa nkambo. Kwa hiyo tulipangana zamu: kila jioni wawili wetu wanakaa kwake, wanaota moto, wanakula naye, watu wanaona. Baada ya wiki chache jirani alikuja kuomba chumvi. Nkambo alimpa, halafu akatuambia kwa sauti ya chini: “Yale majiwe hayakukuwa ya ndege.”

Vijana wenzetu, mukipata ndege ameumia: kitambaa, katoni, giza, kimya. Akipona, mwachie. Si wa kufuga. Na mujue kwamba sheria ya Zambia, tangu 1914, inafanya kuwa kosa kumtaja mtu kuwa mchawi.

Na nyinyi mnaofanya kazi kwenye mashirika: mkisikia watu wanaongea habari ya bundi kambini, msicheke mkapita. Ulizeni ameonekana kwa nani. Halafu nendeni mkamsalimie huyo mtu siku hiyo hiyo, kabla giza halijaingia.